Shimo la Mgeni Rasmi

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya matete, huchukua kikombe changu cha chai ya rangi na kitumbua kimoja, nikavaa mabuti, nikashuka mpaka ukingoni mwa bwawa kuiamkia mipingo. Wanakijiji wanadhani naenda kupima kitu. Sipimi kitu. Naondoa majani makavu yaliyoiegemea, nachungulia kama kuna mbuzi amepita, kisha nakaa juu ya gogo namalizia chai. Wakati wa kisa hiki mipingo yenyewe ilikuwa inanifika kiunoni, mingine magotini tu: vijiti vyembamba vyenye miiba na vijani vidogo kama kucha za mtoto. Asiyejua angesema ni kichaka.

Asubuhi moja, mvua za vuli zikiwa zimeanza, nilikuwa nimekimega kitumbua nusu niliposikia panga. Fyaa. Fyaa. Halafu kicheko. Niliinuka kwa haraka, chai ikanimwagikia kwenye buti.

Upande wa pili nilikuta vijana wameinama wanafyeka, na mbele yao Mzee Severini, mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya kijiji, ameshika fyekeo kama askofu aliyeshika fimbo yake. Nyuma yao palikuwa peupe kama uwanja wa mpira. Nusu ya mipingo ilikuwa imelala chini.

"Shikamoo, mzee," nilisema, maana hata nyumba ikiwaka moto huwezi kumpa mzee habari hiyo kabla ya kumwamkia.

"Marahaba, mtaalamu! Aa, umetuwahi. Tulitaka ukute tumeshamaliza." Alikuwa na furaha ya mtu aliyekamatwa akifunga zawadi. "Tunakusafishia."

"Mnasafisha nini, mzee?"

"Eneo la kupandia miti."

Habari zilikuwa zimefika jana yake kutoka Lindi: Jumamosi tungepata mgeni rasmi, mkubwa wa shirika fulani linalofadhili hifadhi za misitu, naye angekuja kuadhimisha Siku ya Kurejesha Uoto wa Asili. Uoto wa asili ulikuwa umeshaanza kurejea bila kumsubiri, na hilo lilikuwa limeleta usumbufu mkubwa kwa kamati.

Kijiji chetu, mbele ya Njinjo kama unaelekea milimani, kinaitwa Mikongoni. Mti wa mkongo hakuna hata mmoja. Yote iliondoka kwa malori zamani, likabaki jina, kwa kuwa jina halipasuliwi mbao. Mipingo ingefuata njia hiyohiyo kama wazee wasingekubaliana kutenga msitu uliobaki na bwawa lake kuwa hifadhi ya kijiji. Hapo ndipo nilipoletwa mimi, Dativa, kutoka Songea, na cheti changu cha misitu kwenye begi. Chuoni tulifundishwa kwamba ardhi ikiachwa ipumzike, msitu hurudi wenyewe. Lilikuwa somo fupi kuliko yote na halikutokea kwenye mtihani. Lakini ndiyo kazi ninayoifanya. Nazuia vitu vitatu visiufikie ukingo wa bwawa: moto, mbuzi na sherehe. Moto na mbuzi nimewaweza.

"Mzee," nilisema, "hiyo ni mipingo."

"Tunajua ni mipingo, mwanangu." Mzee Severini alinitazama kwa huruma. "Mimi nimekulia chini ya mpingo. Hawa vijana wote wanajua. Asiyejua ni mgeni. Mgeni ataona miiba. Suruali yake itachanika, ataondoka na hasira, na kisima cha shule tutamwomba nani?"

"Angeoneshwa tu, mzee. Angeambiwa imeota yenyewe."

"Ndiyo tatizo! Imeota yenyewe. Sasa makofi apigiwe nani?" Aligeukia vijana, nao wakatikisa vichwa kwa busara. "Mgeni lazima apande. Ili apande, lazima pawe peupe. Na mpingo haufi, wewe si ndiye uliyetufundisha? Utachipua."

Ni kweli mpingo huchipua. Nilitaka kumwambia kwamba mashina haya yalichipua kila mwaka na kila mwaka yakaungua, tangu kabla sijazaliwa, na hii ndiyo mara ya kwanza yamepata nafasi ya kumfika mtu kiunoni. Sentensi yote ilikuwa tayari, imepangika vizuri, ipo juu ya ulimi.

"Sawa, mzee," nilisema.

"Ile nusu ya pale kwenye maji tutaiacha," alisema akinipigapiga begani. "Labda ionekane inaleta usumbufu."

Nilipanda kijijini moja kwa moja hadi kwa Bi Kibibi, muuza vitumbua. Yeye ni mjumbe wa kamati pia, ila vikao huvihudhuria kwa mdomo tu, akiwa palepale jikoni kwake, kwani sauti yake inafika. Aliniona nimekaa kwenye kigoda nusu ya kitumbua ikiwa bado mkononi, macho yamejaa.

"Mtani, kitumbua changu kimekukosea nini mpaka unakililia?"

"Wamefyeka mipingo, Bi Kibibi."

"Nimesikia. Wewe umesemaje?"

"Nimesema sawa."

Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Wallahi, Wangoni wa siku hizi! Babu zenu walikuja huku na ngao na mikuki, wakatukimbiza sisi Wangindo mpaka vichakani. Leo wajukuu wao wanasema 'sawa, mzee.' Ndiyo maana mmekuwa watumwa wetu."

"Watumwa ni nyinyi," nilijibu kwa sauti ndogo, kwa sababu mtani asipojibu anavunja heshima.

"Sijasikia! Sema tena, mtumwa!"

Vita vya mababu zetu viligeuka utani, na hapa Mikongoni Mngoni ni mimi peke yangu. Hivyo natakiwa kufanya kazi ya ukoo mzima. Mtani anaweza kuingia kwako akachukua kuku, akakuita majina, nawe ukacheka. Kwenye msiba ndiyo kazi yake kubwa. Kaburi likishachimbwa, mtani huingia ndani akajilaza, akakataa kutoka mpaka wafiwa wampe anachotaka, na mtu aliyekuwa analia anajikuta anacheka.

Alipofariki kaka yake Mzee Severini, nilisukumwa mbele nifanye kazi hiyo. Nilikuwa nimejiandaa na maneno. Nikafika ukingoni, nikaona lile shimo jekundu, nikaangua kilio kuliko wajane. Mzee Severini mwenyewe, mfiwa, aliniinua akanifuta machozi kwa leso yake, akasubiri mpaka nikamaliza. Mpaka leo nikipita dukani wanasema, "Yule ndiye mtani anayelia."

Bi Kibibi aligeuza vitumbua vyake kimoja kimoja. "Nikuulize. Ile mipingo iliyokufa ni ya nani?"

"Ya kijiji."

"Kijiji ni cha nani?"

"Chenu. Wangindo."

"Haya. Sisi ndio wafiwa." Akapuliza moto. "Mtaalamu hapa akisema, tunampigia makofi tunakwenda kula. Mimi nimemaliza, mtani. Sukari ya chai yako iko pale."

Siku zilizofuata kijiji kilifanya kazi kwa bidii ambayo sijawahi kuiona wakati wa kusafisha njia ya moto. Walipaka chokaa mawe ya barabarani. Mawe yalipokwisha, na chokaa imebaki, wakapaka mashina ya miti mikubwa ya kuingilia msituni mpaka usawa wa kifua, ikawa kama wanafunzi waliovaa soksi. Wakatoa magugu kwenye vibao vya saruji vya wageni rasmi waliotangulia. Vibao hivyo vimepangwa mstari juu kidogo ya bwawa, kila kimoja na jina na cheo na maneno "Alipanda mti huu." Mti hakuna. Yote ilikuwa mitiki, na kila masika maji ya bwawa yalipanda yakaiozesha mizizi. Vibao vikabaki vimesimama pale, na watoto wakipita hupunguza sauti.

Halafu likaja suala la shimo. Mzee Severini alisema shimo la mgeni lisiwe la aibu. Kazi akapewa Jafari na wenzake, kwa sababu katika kijiji chetu wao ndio wachimbaji. Jafari ni dereva wa bodaboda, ana spika, hivyo harusini anakuwa mshereheshaji na msibani anachimba kaburi. Walichimba kama wanavyojua kuchimba. Lilikuwa refu, limenyooka pembe zote, kuta zake zimechongwa kwa jembe, na udongo umerundikwa upande mmoja kwa adabu.

"Jafari," nilimwambia, "hili si kaburi kweli?"

"Aa, dada, mkono umeshazoea," alisema, akajikuna kichwa. "Lakini cheki finishingi."

Jumamosi magari yalifika mchana, yakapanga mstari pale palipokuwa na mipingo. Yalitosha vizuri. Mgeni rasmi alikuwa baba mnene mwenye uso wa upole, amevaa mabuti mapya ambayo bado yana karatasi ya bei kisiginoni. Nilimpenda, na hilo lilinizidishia taabu. Laiti angekuwa mkali. Watoto wa shule waliimba wimbo kuhusu ardhi oevu, neno ambalo nyumbani kwao hakuna anayelitumia; wao wana bwawa. Kisha hotuba. Mzee Severini alisema kwamba eneo lile lilikuwa tupu, na leo litakuwa msitu. Kuhusu utupu alisema kweli. Ulikuwa na umri wa siku chache.

"Oyaa, Mikongoniii!" Jafari aliita kwenye spika. "Makofi ya kilo kwa mheshimiwa! Sasa twende kwenye tukio lenyewe!"

Mgeni rasmi alisogezwa kwenye shimo. Akakabidhiwa mche wa mtiki uliofungwa utepe. Alichungulia shimoni.

"Ni kubwa kidogo," alisema.

"Kwa heshima yako, mheshimiwa," alisema Mzee Severini.

Mpiga picha, kijana waliyekuja naye, alijaribu upande huu, akajaribu upande ule, akashusha kamera. "Jamani, ile miiba ya nyuma inaziba maji. Picha haioneshi bwawa. Haiwezekani kutolewa fasta?"

Mzee Severini alinitupia jicho, halafu akalitoa haraka. "Inawezekana," alisema. "Vijana! Mapanga!"

Mapanga hayakuonekana. Vijana walitafuta nyuma ya hema, wakatafuta chini ya meza ya soda. Kina mama wa kwaya ya hamasa walikuwa wamekaa kwenye mkeka, na katikati yao Bi Kibibi, amekaa wima kuliko kawaida, kanga imemfunika mpaka miguuni. Ncha ya panga moja ilikuwa imechungulia chini ya mkeka.

"Bi Kibibi," alisema Mzee Severini kwa sauti ya chini, "inuka."

"Miguu imekufa ganzi, mwenyekiti."

"Inuka, mama, mgeni anasubiri."

"Ganzi haijui mgeni."

Wenzake waliinamisha nyuso, mabega yakitikisika. Mzee Severini alifuta jasho. Lakini kijana mmoja alikuwa ameshakimbilia kwa mama lishe, akaazima panga la kukatia kuni, nikamwona anapita nyuma ya hema kuelekea kwenye maji. Bi Kibibi naye alimwona. Aligeuka, akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema kitu.

"Mheshimiwa anapanda!" Jafari alianza. "Tunahesabu wote! Tatu! Mbili..."

Sijui miguu ilinifikishaje. Nakumbuka nilimwambia mgeni rasmi "samahani, baba," nikapita mbele yake, nikashuka shimoni na gauni langu la kanisani, nikajilaza chali.

Chini palikuwa na maji. Bwawa lilikuwa linapenya taratibu, baridi ikanipanda mgongoni. Juu niliona mstatili wa mbingu na nyuso zimezunguka pande zote, midomo wazi. Halafu kigelegele kirefu kikapasua hewa, na sauti ya Bi Kibibi ikafuata: "Mtani kaingia! Wafiwa, toeni! Hatoki huyo!"

Kijiji kizima kililipuka kwa kicheko. Sarafu zilianza kudondoka juu yangu, moja ikanigonga paji la uso. "Yule aliyelia kaburini!" mtu alisema. "Leo kapona!" Watoto wa shule walikuwa wanarukaruka ili waone.

"Mheshimiwa, hii ni sapraizi!" Jafari alisema kwenye spika, bila kujua mwenyewe kinachoendelea. "Utamaduni wetu huo! Hatujawaambia makusudi!"

Mgeni rasmi alikuwa anacheka mpaka machozi. Mpiga picha alipiga magoti akanipiga picha. "Nzuri sana," mgeni alisema, akitoa noti mfukoni. "Nzuri sana. Igizo linahusu nini, mwenyekiti?"

Mzee Severini alifikiri. "Linahusu umuhimu wa kupanda miti, mheshimiwa."

Noti ilishuka polepole ikatua tumboni kwangu. Nikajua nimeshindwa. Nilikuwa nimefanya jambo gumu kuliko yote maishani mwangu, na sasa lilikuwa sehemu ya ratiba. Kutoka upande wa maji nikasikia: fyaa.

"Haya, anataka nini ili atoke?" mgeni aliuliza. "Si ndivyo inavyokwenda?"

"Kuku!" walipiga kelele.

"Soda!"

"Mpeni mume!" alisema mama mmoja, wakacheka upya.

Fyaa.

"Muulizeni mwenyewe," ilisema sauti ya Bi Kibibi, na haikuwa inacheka tena.

Mzee Severini alichuchumaa ukingoni. Magoti yake yalilia. "Mwanangu," alininong'oneza, "wamecheka. Inatosha. Toka, utashikwa na baridi." Alininyooshea mkono uleule ulioniinua siku ile ya msiba.

Sikuushika.

"Sitaki kuku," nilisema. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, lakini kuta za shimo ziliipandisha. Jafari na wenzake walikuwa wamezichonga vizuri. "Nataka mipingo iliyobaki isifyekwe."

"Mtani kauma!" Jafari alisema kwenye spika, na kicheko kikapanda tena.

"Ilirudi yenyewe," niliendelea. "Hakuna aliyeipanda, kwa hiyo hakuna anayeionea uchungu. Ilikuwa imejaa hapa yalipo magari. Mmeiua ili baba huyu apate mahali pa kupanda mtiki, nao utaoza masika kama mingine, mbaki na kibao."

Kicheko kilikuwa chembamba sasa, cha watu wachache wa nyuma ambao hawakusikia. Mgeni rasmi alikuwa ameushika mche wake kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Aliyatazama magari. Akavitazama vile vibao.

Mzee Severini hakucheka. Aliinua mkono mmoja kuelekea majini bila kugeuka, na panga likanyamaza. Alibaki amechuchumaa, akisubiri, kama alivyosubiri siku ile nimalize kulia.

"Dativa," alisema, na hakuwahi kuniita kwa jina langu kabla. "Huo ni utani, mwanangu, ndiyo?"

Niliketi ndani ya maji. Sarafu zilinidondoka kifuani. Ningeweza kusema ndiyo, mzee, na wote wangepumua, na jioni tungekula pilau.

"Hapana, mzee," nilisema. "Siku ya kaka yako nilishindwa kutania. Na leo sitanii."